Chuma Hakijapata Habari

Januari 12

Mke wangu Cheche,

Pokea salamu za mumeo mzee, ambaye bado anapumua na bado analalamika, kwa hiyo ujue ni mzima. Shangazi yako anakusalimu. Amesimama mlangoni ananitazama nikiandika kana kwamba nitamaliza wino wa nchi nzima. Naye ni mzima, isipokuwa goti. Baba yako alipita hapa na lori lake, akala, akalala, akaondoka kabla sijamaliza kumgombeza. Mke mwenzio, marehemu bibi yako, nimempalilia kaburi kwa mikono yangu na kumpa habari zako zote, hata zile nilizotunga, maana ulikuwa hujaandika tangu Oktoba.

Tena usimpigie shangazi yako simu ukamwambia anishikie sikioni. Simu ni ya watu wenye masikio. Yangu yaliliwa na kelele za grenda ya kukatia chuma, na ninachosikia humo ni nyuki tu. Ile ya picha ndiyo mbaya zaidi. Unakuwa mdogo kama stempu, unachezesha mdomo, na mimi natikisa kichwa kwa jambo nisilolijua. Wewe andika. Barua naweza kuirudia.

Kazi ipo. Bado nimeshika lile lango la zahanati, mabawa mawili, na juu wanataka maua ya nondo. Nimewaambia mgonjwa hatazami maua, lakini wao ndio wenye lango. Nitalimaliza mwezi huu.

Juzi mwenye duka la vifaa aliniuliza mjukuu wangu anafanya kazi gani huko miaka yote hii. Nikamwambia ni fundi wa kuchomelea kama mimi, ila yeye hatumii vijiti, anatumia mwanga mtupu. Akacheka mpaka akashika kaunta. Sasa nieleze vizuri, pole pole, bila majivuno, ili nikirudi pale nisiaibike tena.

Ulisema miaka minne. Huu wa sita unakwenda ukingoni. Siulizi kitu, nataja tu, kama mtu anavyotaja mvua. Shangazi yako alitaka kuweka magunia chumbani kwako, nikamwambia chumba kina mwenyewe. Kitanda nimekikaza skrubu, maana kilikuwa kinalia hata bila mtu.

Nitumie picha ya karatasi, umesimama na hiyo mashine yako, niibandike ukutani.

Mumeo

*

Februari 20

Mume wangu mwenye wivu,

Shikamoo. Najua mke hampi mumewe shikamoo, lakini mkono wangu umezoea.

Barua yako ilikaa njiani mwezi mzima na imefika imelowa kona moja. Nimeisomea kwenye ngazi za maabara kwa sababu sikuweza kungoja nifike chumbani, na watu wamenipita wakinitazama ninavyocheka peke yangu. Mimi mzima. Baridi ya huku imenizoea kuliko nilivyoizoea mimi. Mwambie shangazi alikande goti kwa maji ya moto na aache kubeba ndoo, najua bado anabeba. Na ukimpata baba tena, mgombeze na fungu langu.

Sasa sikiliza, ukamjibu mwenye duka. Chumba ninachofanyia kazi hakina dirisha. Katikati kuna meza ya chuma kubwa kuliko kitanda, na haikai sakafuni moja kwa moja, imebebwa na mto wa hewa ili mtu akipita kwenye korido isitikisike. Juu yake kuna vioo vidogo vidogo, kila kimoja na skrubu zake. Mwanga wa leza unaruka kutoka kioo hadi kioo mpaka unafika kwenye kipande cha chuma chembamba kuliko karatasi. Asubuhi nzima inaweza kwisha nikikaza skrubu moja na kulegeza nyingine. Hapo ungenicheka, wewe uliyenifukuza karakana kwa kukosa subira.

Mwanga wenyewe hauwaki mfululizo kama wa mashine yako. Unapiga na kunyamaza, unapiga na kunyamaza. Chukua sekunde moja uigawe mara milioni, kisha kipande kimoja ukigawe tena mara bilioni. Mapigo yetu yanapimwa kwa vipande vya namna hiyo. Chuma kikipigwa kwa ufupi huo kinang'oka pale palipopigwa tu, na pembeni hapapati hata vuguvugu. Mara ya kwanza nilipotoboa bati hivyo, nililigusa papo hapo. Ulinikataza utoto wangu wote kugusa chuma kilichotoka kazini, nami nikaweka kidole makusudi. Lilikuwa baridi. Nikalia, na wenzangu wakakimbilia maji wakidhani nimeungua.

Ninachokitafuta mimi ni kile kinachotokea katikati. Ndani ya chuma kuna vitu vidogo sana vinaitwa elektroni, vyepesi, havitulii. Halafu kuna atomu zenyewe, nzito, zimekaa kwa mistari. Mwanga ukipiga, elektroni ndizo zinazopata moto kwanza, moto mkali kabisa, na wakati huo atomu hazina habari. Ni kama nyumba iliyoletewa taarifa: watoto wameisikia mlangoni na wameshaanza kukimbia, wazee ndani bado wanakunywa chai. Baada ya kitambo habari inawafikia, na hapo ndipo chuma kinapoyeyuka. Mimi kazi yangu ni kukipima hicho kitambo. Miaka yote hii, Babu, hiyo ndiyo kazi.

Na kabla ya kufungua mwanga lazima kila mtu avae miwani. Unakumbuka ulivyokuwa ukisema "Macho!" kabla ya kuwasha, na sote karakana nzima tunageuza uso na kufumba? Siku yangu ya kwanza kuongoza mashine neno lilinitoka lenyewe. Tangu hapo chumba kizima kinalisema. Wanalitamka vibaya na hawajui maana yake, lakini wanageuka. Hata Profesa, mkuu wa maabara yetu, analisema.

Sasa kwa huyo Profesa ndipo penye jambo. Anastaafu katikati ya mwaka. Aliniita ofisini, akafunga mlango, akasema angependa maabara ibaki mikononi mwangu. Mkataba ni wa miaka mitano mfululizo, na lazima nianze Julai. Natakiwa kujibu kabla Juni haijaisha. Nimeitaka nafasi hii tangu nilipoingia chumba kile, nisikudanganye. Nilitoka ofisini kwake nikaenda moja kwa moja kukaa chooni, sijui kwa nini, nikawa nafikiria kile kitanda changu. Sijamwambia mtu mwingine. Na sikuulizi ushauri, nataja tu, kama mtu anavyotaja mvua.

Picha ni hii. Aliyeipiga ni mwenzangu wa meza moja, tunamwita Mrefu, na utaona kwa jinsi alivyoikata miguu yangu kwamba anatazama dunia kutoka juu. Itazame vizuri. Kuna kitu nimekiweka humo kwa ajili yako.

Mkeo, Cheche

*

Machi 30

Mke wangu wa mbali,

Barua na picha vimefika salama. Hapa mvua zimeanza na paa linavuja mahali pale pale, kwa hiyo nyumba haijabadilika. Shangazi yako anakushukuru kwa dawa ya maji ya moto na anasema ndoo hazibebi, nami nimenyamaza kwa sababu nakula kwake.

Nilikwenda kwa mwenye duka nikamweleza yote, watoto wanaokimbia na wazee wa chai. Akaniuliza je, chuma kinajuaje kwamba kimepigwa. Nikamwambia hilo ndilo mjukuu wangu analolitafuta, na kama analijua yeye aandike barua alipwe. Hajacheka safari hii.

Kuhusu maabara: chukua. Usifikirie mara mbili. Mtu hakabidhiwi karakana kila siku, na mimi nilipokabidhiwa yangu sikumuuliza mtu. Chumba chako hakiendi popote. Kimekaa miaka sita, kinaweza kukaa mingine mitano. Shangazi yako anasema nisiandike kwa haraka hivi, nitulie kwanza. Mimi nimeshaandika.

Picha nimeitazama sana. Umenenepa, na imekupendeza. Mpe salamu zangu za heshima yule mzee mnene wa koti la kijivu aliyesimama kushoto kwako. Nadhani ndiye Profesa. Anaonekana mtu mtulivu, asiyependa maneno mengi. Mwambie babu yako anamshukuru kwa kukutunza mahali ambapo sisi hatufiki.

Lango la zahanati bado. Bawaba zinanisumbua.

Mumeo

*

Mei 9

Babu,

Leo sikuiti mume. Shikamoo. Natumaini paa limezibwa na kwamba shangazi ameacha ndoo kweli. Mimi ni mzima wa mwili.

Kushoto kwangu kwenye ile picha hakuna mzee. Ni mtungi wa gesi.

Ni mtungi, Babu, wa kijivu, mrefu kama mimi, una koki juu, na umefungwa mnyororo ukutani. Nilimwambia Mrefu ahakikishe mnyororo unaonekana. Ndicho kitu nilichokuwekea. Nilitaka uone kwamba bado nafunga mitungi kama ulivyonifundisha, na nilikaa zaidi ya miezi miwili nikingoja uniandikie kwamba mnyororo umekaa juu mno au chini mno. Wewe umelala na mitungi, umeikalia, umeipakia na kuishusha, umeisikia kwa kuigonga tu kama imejaa. Ukaupa mtungi salamu za heshima.

Kwanza nilicheka. Nilimsimulia Mrefu, naye tangu siku hiyo akiingia asubuhi anauamkia mtungi. Halafu jioni nilitoa barua zako zote kwenye begi nikazipanga kitandani kwa tarehe, na nikaacha kucheka. Zile za mwanzo umejaza ukurasa mpaka pembeni. Hii ya mwisho ina maneno manne kwenye mstari, na mistari inapanda kama ngazi. Si kosa la peni.

Macho yako yana nini? Usinijibu kwa utani. Na usiniambie habari za lango. Ulianza kuniandikia habari za lango hilo kabla ya mvua za mwaka jana, na hakuna lango linalokushinda muda wote huo.

Kuna lingine ambalo sijawahi kukuuliza. Siku niliyoondoka ulinisindikiza mpaka getini na begi langu begani kwako. Ukaliweka chini. Ukasema, "Macho, Cheche," kwa sauti ile ile ya karakana, na mimi kwa mazoea nikageuka na kufumba. Nilipofumbua geti lilikuwa limefungwa na wewe umeshaingia ndani. Nilisimama pale nikidhani utarudi. Hapakuwa na mashine pale, Babu, wala moto. Nimebeba jambo hilo mpaka huku na sijui ni la nini. Kila mara chumba hiki kinaposema lile neno, nageuka, na naliona geti.

Sijamjibu Profesa. Kila anapopita mlangoni kwangu anapunguza mwendo, halafu anaendelea. Kazi yenyewe inakwenda vizuri kuliko wakati wowote, na hilo ndilo linaloniudhi. Wiki iliyopita tulipata mchoro wa kitambo kile, tangu elektroni zinapopata moto mpaka atomu zinapoanza kuyumba, safi, bila kukatika. Nilitaka kumwonyesha mtu. Nilikaa nautazama na mtu mwenyewe niliyemtaka ni wewe, ukitafuna njiti ya kiberiti na kusema haujanyooka.

Nina hamu ya kukuona. Sijui kuliandika vizuri zaidi ya hivyo.

Cheche

*

Juni 4

Cheche,

Hatujambo. Goti la shangazi yako limepona na sasa ana nguvu za kunisimamia. Ameikalia bahasha, kaikalia kweli, na amesema nisipoandika yote haendi posta. Kwa hiyo soma, na ujue nimelazimishwa.

Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. La kulia limeshafunga. La kushoto linaona kama kupitia kioo cha dirisha la bafuni, kile chenye ukungu. Karakana nimeifunga mwaka jana, kabla ya mvua, siku nilipochomelea bawaba kichwa chini na mteja akaniambia kwa upole. Ule upole ndio ulioniuma. Lango la zahanati lilimaliziwa na fundi mwingine, limeshapakwa rangi, na wagonjwa wanapita. Niliendelea kukuandikia habari zake kwa sababu sikuwa na lango jingine.

Barua zako shangazi yako ananisomea sikioni kwa kelele, ndiyo maana mtaa mzima unajua habari za elektroni. Baadaye nakaa dirishani naisoma mwenyewe, neno moja moja, na siku inakwisha vizuri. Niliyoisoma zaidi ni ile ya mtungi. Nimecheka mpaka nikaumwa mbavu. Sikujisikia vibaya sana, ni mtungi uliosimama kwa adabu. Lakini mnyororo nimeulilia kidogo, kwa kuwa sikuuona.

Daktari anasema ni upasuaji mfupi. Amenipangia mara mbili na sikwenda. Mara ya kwanza nilisema nina mafua. Mara ya pili shangazi yako alinibana mpaka nikamwambia sababu, na ndiyo hii. Wengi wanapona. Wachache hawaponi, na daktari hakunificha. Hiki kidogo nilichobaki nacho nimekuwekea wewe. Nataka nikuone kwanza, hata kama ni kwa kioo cha bafuni, nijue pua yako imekaaje sasa na kama bado unakunja uso ukidanganya. Baada ya hapo mkono wa daktari ukiteleza, hasara si kubwa. Nimemwambia anisubiri. Akaniuliza mpaka lini.

Nimewafikiria sana wale wazee wako wanaokunywa chai. Naona mimi ni mmoja wao. Siku uliyoondoka sikusikia kitu. Watu walikuja kunipa pole nikawauliza pole ya nini, mtoto kaenda kusoma. Mchana huo huo nilichomelea dirisha la mtu na likatoka safi. Ilipita miezi. Ndipo siku moja nikafagia chini ya meza ya karakana nikaokota ile miwani yako ndogo ya utoto, yenye kamba ya kiatu, nikakaa nayo chini pale pale kwenye vumbi la chuma. Hapo ndipo ilinifikia.

Kuhusu lile la getini, sina la kukuambia. Tuliache.

Haya yote hayahusiani na maabara. Maabara chukua. Miaka mitano si mingi, jicho la kushoto lina uvumilivu. Ukiiacha kwa sababu yangu nitakuwa nimekubomolea kitu nisichoweza kukiunga tena, na mimi ni fundi wa kuunga. Shangazi yako anatikisa kichwa. Anasema niandike kwamba anatikisa kichwa.

Babu yako

*

Juni 30

Mume wangu muongo,

Shikamoo, na shikamoo ya shangazi iwe kubwa kuliko yako, kwa sababu yeye ndiye mkweli wa nyumba hiyo.

Barua yako ilifika Ijumaa, siku chache kabla ya siku ya kujibu. Niliisoma kwenye ngazi zile zile. Kisha nikaenda kwa Profesa nikamwomba waningoje mpaka mwisho wa mwaka. Hakuuliza sababu mara moja. Alinipa kiti kwanza. Nikamwambia kuna mtu nyumbani ananihifadhia jicho moja. Akaondoka kwenda kuzungumza na wakubwa wake, na aliporudi kutoka kwao akiwa ameshika kofia mkononi, nikajua. Ni Julai au apewe mtu mwingine.

Nimewaambia wampe mtu mwingine.

Usivunje kitu. Najua ulichoandika kuhusu kubomoa, na nimekisoma mara nyingi kuliko barua nyingine zote. Inauma. Nilikaa mbele ya ile meza leo asubuhi mashine ikiwa imezimwa, nikagusa skrubu moja ambayo naijua kwa kidole bila kuitazama, na nilihisi kama nauacha mkono wangu pale. Siji kwa furaha tupu. Lakini meza ile itapata mtu mwingine wa kukaza skrubu, na jicho lako la kushoto halina mtu mwingine. Na ukweli ni kwamba nilianza kuja siku uliyouamkia mtungi. Kilichochelewa ni barua tu.

Mrefu ndiye atakayeshika maabara. Ni mtu mzuri na mchoro wetu utakuwa salama kwake. Tulipiga mwanga pamoja mara ya mwisho jana. Aliniachia mimi niseme lile neno, nikasema, na wote wakageuka ukutani na miwani yao, Profesa naye, na mimi peke yangu nikabaki nimetazama migongo yao. Ameahidi neno litabaki hata nikiondoka. Kwa hiyo kuna chumba kisicho na dirisha, mbali na wewe, ambamo watu wataendelea kukutii bila kukujua.

Kuhusu kazi sijui. Chuo cha huko kilishawahi kuniandikia, hawana mashine ya namna hii na hawatakuwa nayo karibuni. Nitafundisha. Nitaanza na vioo viwili na mwanga wowote watakaonipa, tutaona.

Nafika Agosti 14. Shangazi aende kwa daktari leo leo, amwambie akupangie wiki itakayofuata, ukishanitazama vya kutosha. Na usiseme una mafua.

Lile la getini hukunijibu. Nitakuuliza nikiwa nimesimama hapo hapo.

Cheche

*

Julai 27

Mke wangu,

Imefika. Shangazi yako ameisoma kwa kelele mpaka mwenye duka amevuka barabara kuuliza kuna msiba gani. Nikamwambia maabara umeiacha. Akasema hiyo ni hasara. Nikamwambia ndiyo, ni hasara.

Umefanya ujinga, Cheche, na mimi nimefurahi. Mungu anisamehe yote mawili.

Hii naandika mwenyewe, kwa hiyo maneno ni machache. Daktari ni Agosti 22. Shangazi yako ametandika kitanda. Bawaba za geti nimezitia mafuta kwa kupapasa.

Habari ya wazee wa chai nilikudanganya. Miwani niliiokota kweli, lakini ilikuwa imenifikia zamani. Ilinifikia siku ile ile, pale pale getini, kabla hujageuka. Nilikuwa nalia na sikutaka uondoke na sura hiyo.

Safari hii sitasema macho. Ukinikuta nalia, nitazame tu, usigeuke, ili na mimi nikuone.

Mumeo